Upande wa Chini wa Sahani

Deusdedit alikuwa ametimiza miaka mitatu Durban, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani kwao. Waliomfahamu walimwita Deusi. Walijua kwamba ni Mtanzania, kwamba anaunga vyombo vilivyovunjika katika karakana ya Mrs. Moonsamy kule juu Berea, na kwamba si mtu wa maneno mengi. Alilala uani, nyuma ya karakana hiyohiyo, katika chumba kilichojengwa zamani kwa ajili ya mtumishi wa ndani: kitanda, jiko dogo la umeme, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Jumamosi alishuka Albert Park kununua dagaa na unga kwa Wakongomani. Alisikia Kiswahili njiani, akajibu salamu mbili tatu, kisha akapanda tena na mfuko wake. Kuna wiki ambazo ilifika Jumapili jioni akagundua kwamba tangu Ijumaa hakuwa amefungua mdomo isipokuwa kumwomba dereva wa taxi amshushe kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani.

Kwao Bagamoyo alikuwa ameajiriwa miaka kumi na mmoja na idara ya mambo ya kale. Kazi yake ilikuwa kuosha vigae. Wachimbaji walipotoa vigae ardhini Kaole na Kilwa, waliviweka kwenye ndoo, na Deusdedit akaviosha kimoja kimoja kwa mswaki, akavianika juani, akavitenga: hivi vya hapahapa, hivi vya Uajemi, hivi vya Uchina. Kwa miaka yote hiyo hakukosea mara nyingi. Halafu serikali ikapunguza wafanyakazi, na waosha vigae wakawa wa kwanza. Mkewe, Sesilia, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Binti yao, Lulu, aliolewa Mwanza na alimwandikia kila Krismasi, barua ya ukurasa mmoja. Hapakuwa na kilichomzuia kuondoka, na hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akijipa pale alipojiuliza kwa nini aliondoka.

Mrs. Moonsamy alimchukua siku ileile aliyobisha hodi, baada ya kumpa chombo cha maua kilichovunjika vipande ishirini na kumwona akivipanga mezani bila haraka, kila kipande mahali pake. Mama huyo alikuwa mwema na mwenye shughuli nyingi. Alifika asubuhi, akapokea wateja, na saa sita akaondoka kwenda kumwangalia dada yake mgonjwa. Tangu hapo hadi saa nane karakana ilikuwa ya Deusdedit peke yake, na kama alikuwa na kazi yake mwenyewe, aliruhusiwa kuifanya.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Agosti, mwaka 1998, Colette alipoingia. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, nywele amezisuka vizuri, amekumbatia furushi la kitenge kifuani.

"Bonjour, papa," alisema. "Ni hapa banatengenezaka vyombo? Banasema iko Mtanzania moya anajua."

"Ndiye mimi. Karibu, dada. Kaa."

Hakukaa. Aliweka furushi mezani akalifungua kunjo baada ya kunjo. Ndani mlikuwa na vipande vitano vya sahani kubwa ya kijani, vimepakwa gundi nyeusi kingoni. Katikati ya sahani palichongwa ua lenye majani marefu, na mchongo ulionekana kupitia rangi kama kitu kilicholala chini ya maji.

"Hii gundi ni ya nini?"

"Ya viatu," alisema kwa aibu. "Nilijaribu mwenyewe. Ilipasuka Lusaka, ku gare ya bus. Mtu alivuta sac, alifikiri iko na chakula."

"Unataka kuiuza?"

Mwanamke alimtazama kama aliyetukanwa. "Hapana, papa! Ni ya bwana yangu. Siku atakuja, ataikuta mzima."

Ndipo akakaa, akaeleza. Mumewe aliitwa Léonidas, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya Uvira. Sahani ilitoka kwa baba yake Colette, aliyekuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja mwenye mashamba ya pamba. Mbelgiji alipofungasha mizigo mwaka 1960 alimwachia mpishi wake sahani, akamwambia ni ya Uchina, ya wafalme wa zamani, aitunze. Baba aliitunza, na siku ya harusi ya binti yake akamkabidhi mkwewe mbele ya watu wote. Ikatundikwa sebuleni. Kila mgeni aliyeingia alisimamishwa chini yake, na Léonidas akasema: hii ni ya Uchina.

Vita vilipofika Uvira, Oktoba 1996, Léonidas alikuwa amepanda Bukavu kwa mkutano wa walimu. Colette alivuka ziwa kwenda Kigoma akiwa na nguo zake na sahani. Wale waliokuwa Bukavu walikimbilia magharibi, msituni, upande wa Walikale. Tangu siku hiyo hawakuonana tena.

"Watu wengine walikuja kuniambia amekufa," alisema Colette. "Moya Kigoma, moya hapa Durban. Na mwingine aliniambia alimwona Brazzaville, amenona. Mimi ninawauliza wote: nipe neno moya ambalo yeye tu anaweza kusema. Hawana. Basi ninawafukuza."

Deusdedit alisema kazi itachukua wiki kadhaa, maana kipande kinaungwa kimoja, kinaachwa kikauke, ndipo kinafuata kingine. Colette akasema Alhamisi ndiyo siku yake ya mapumziko katika saluni anakosukia watu, Albert Park. Atakuwa anakuja kuangalia.

"Si lazima," alisema Deusdedit.

"Nitakuja tu, quand même."

Baada ya yeye kuondoka, Deusdedit aliloweka vipande katika maji ya vuguvugu na kuanza kukwangua gundi ya viatu. Hakuwa ameshika kigae cha kijani tangu Bagamoyo. Seladoni, ndivyo wataalamu walivyokuwa wakiiita kauri hiyo ya kijani, nao walilitamka jina hilo kwa heshima. Mabakuli yake yalikuwa yamepachikwa kwenye makaburi ya Kaole, na vipande vyake vilijaa ndoo zake kwa miaka kumi na mmoja. Alivijua kwa vidole. Rangi ya vigae vile ilikuwa nzito, kijani cha jani la mbaazi lililofifia, imelala juu ya udongo kama mafuta yaliyoganda. Ukikivunja, ndani ni kijivu. Na pale ambapo udongo uliachwa wazi, duara chini ya chombo, moto wa tanuri uliuchoma ukawa mwekundu kama tofali.

Gundi ilipotoka kwenye ukingo wa kwanza, alisimamisha kisu.

Udongo wa ndani ulikuwa mweupe. Si kijivu hata kidogo. Mweupe kama chumvi.

Alikwangua ukingo wa pili, na wa tatu. Alivipeleka vipande dirishani akavigeuza kimoja kimoja. Sahani ilikuwa pana kama sinia dogo, lakini mguu wake wa chini ulikuwa mdogo mno, pete ambayo kisosi kingeweza kuifunika. Wafinyanzi wa Kichina aliowajua kwa vigae vyao walikalisha sahani zao kwenye miguu mipana. Rangi yake ilikuwa nyepesi, inayoelekea ubuluu kidogo, na ndani yake mna vitone vya hewa vidogo kama povu. Katikati ya pete palikuwa na alama tatu ndogo, kana kwamba punje za mchele zilinasa pale zikabanduliwa. Na kuzizunguka alama hizo, ile duara nyekundu ya Kichina ilikuwapo, mahali pake hasa. Deusdedit aliitazama kwa muda mrefu. Halafu aliona mahali ambapo burashi ilianza na mahali ambapo ilirudi ikapanda juu ya mwanzo wake. Duara ile haikuchomwa na moto. Ilipakwa kwa mkono.

Mrs. Moonsamy alikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada juu ya kauri za Mashariki. Deusdedit alikisoma kwa saa mbili za mchana siku iliyofuata, na mbili nyingine Jumatatu, kidole juu ya mstari, kwa Kiingereza chake cha polepole. Alipata alichokitafuta katika kurasa chache karibu na mwisho. Katikati ya karne ya kumi na saba, Uchina iliingia vitani na meli zikaacha kuleta vyombo vyake kama zamani. Wafinyanzi wa magharibi ya Japani walikuwa wamejifunza kauri miongo michache tu nyuma, wakisaidiwa na mafundi kutoka Korea, baada ya kupata milimani jiwe jeupe linaloweza kusagwa likawa udongo. Wafanyabiashara waliokosa seladoni za Kichina wakawajia wao. Udongo wao ulikuwa mweupe na ulilegea motoni, na sahani pana juu ya mguu mdogo ilitaka kubonyea katikati. Kwa hiyo waliitegemeza kwa vijinguzo vya udongo, ambavyo viliacha alama. Na kwa kuwa wanunuzi walizoea kuona duara nyekundu chini, waliipaka.

Deusdedit alifunga kitabu akacheka, peke yake, katikati ya vyombo vya watu. Hakuwa amekosea. Baada ya miaka mitatu vidole vyake bado vilijua. Alitamani kumwambia mtu, akatazama huku na huku, akaona sanamu ya Ganesha iliyovunjika mkonga na vikombe sita vya harusi.

Alhamisi Colette alikuja. Deusdedit hakusema kitu. Alijiambia kwamba anasubiri ahakikishe kwanza, lakini ukweli ni kwamba mwanamke alianza kuzungumza mara tu alipokaa, naye hakutaka kumkatiza. Alizungumza juu ya Uvira, juu ya upepo wa ziwani unaofunga milango mchana, na mbuzi waliolala barabarani. Deusdedit alichanganya gundi kwenye kigae, akaunga kipande cha pili kwa cha kwanza, akavifunga kwa utepe na kuvisimamisha katika sanduku la mchanga. Alimjibu kidogo kidogo, na Kiswahili kilimtoka kikiwa na kutu, kisha kikalainika.

Alhamisi iliyofuata alikuwa amefagia karakana na kununua maandazi. Ile ya baadaye alijikuta amevaa shati la kanisani.

"Papa Deusi, wewe una bibi?"

"Nilikuwa naye. Alifariki."

"Pole. Anaitwa nani?"

Alishangaa kusikia 'anaitwa', kana kwamba bado yupo. "Sesilia," alisema, na akakumbuka kwamba hajalitamka jina hilo kwa sauti tangu avuke mpaka.

Colette alizungumza hivyo pia kuhusu Léonidas: anapenda ugali wa muhogo, anakoroma, anasahihisha madaftari akiwa amesimama. Deusdedit alisikiliza huku akikata utepe. Siku moja, wakati akimwangalia jinsi anavyoinamisha shingo kunusa chai, wazo lilimpita kichwani: kama mtu huyo asingekuja. Lilipita haraka. Lakini lilikuwa lake, na jioni nzima alikuwa na haya nalo.

Alhamisi ya tano vipande vinne vilikuwa vimeungana. Kilibaki kimoja cha ukingoni. Colette alipapasa ua lililochongwa, akasema, "Bachinois bako bafundi kweli."

Na Deusdedit, aliyekuwa amekaa na siri yake mwezi mzima, hakuweza tena.

"Si Wachina," alisema. "Mama Colette, ngoja nikuonyeshe kitu."

Aliigeuza sahani kwenye taulo. Alimwonyesha weupe wa ukingo uliovunjika. Alimwonyesha mguu mdogo na zile alama tatu, akamweleza juu ya jiwe lililosagwa na udongo unaolegea. Alikwenda haraka, kwa furaha, kama mtu anayefungua sanduku la nguo zake nzuri. "Na hapa, tazama. Kwa Wachina wekundu huu hutoka wenyewe, motoni. Hapa kuna mtu aliyepaka. Burashi ilianza hapa, ikazunguka, ikaishia hapa. Ni Mjapani. Alitaka mtu akiigeuza aone Uchina."

Colette hakuinama kutazama.

"Unasema ni ya uongo."

"Hapana, si ya uongo. Ni ya zamani sana, na pengine ni adimu kuliko..."

"Unasema mtu alipaka rangi ili adanganye watu."

"Nilisema vibaya. Nilitaka kusema..."

"Bwana yangu ni mwalimu wa histoire," alisema Colette, kila neno peke yake. "Baba yangu alitunza hii kitu miaka yote. Mimi niliibeba. Niliacha picha za harusi, papa, niliacha viatu, nikabeba hii. Na wewe, mtu wa kuosha vigae, unaniambia bote balikuwa bajinga?"

Deusdedit alikuwa amemsimulia juu ya vigae Alhamisi ya pili, na Colette alikuwa amesikiliza vizuri. Colette alitandika kitenge chake, akaweka sahani iliyoungwa robo tatu, akaifunga kunjo baada ya kunjo, akatoka. Kipande cha tano kilibaki kwenye sanduku la mchanga.

Septemba ikaisha. Alhamisi zikaja na kuondoka, naye akazijaza kazi. Jumamosi moja aliposhuka Albert Park alichukua kile kipande mfukoni, akakifunga kwa leso, akatafuta saluni. Aliipata ghorofa ya chini ya jengo refu lenye nguo zilizoanikwa kila roshani. Mwenye saluni, Yvette, mwanamke mnene mwenye sauti ya furaha, alimtazama juu hadi chini.

"Colette hayupo. Alienda kanisani."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani Deusdedit aliona miguu miwili iliyosimama kimya katika kandambili. Aliijua.

"Mwambie Deusi alikuja," alisema. "Mwambie kipande chake kiko salama."

"Nitamwambia."

Alipanda Berea kwa miguu badala ya taxi. Njiani alifikiri mambo mengi ambayo angeweza kusema siku ile na hakuyasema. Angeweza kusema kwamba yule fundi wa Japani hakuwa tapeli bali mtu aliyejifunza kazi ya wenzake wakubwa kwa udongo alioupata kwao, na udongo ule ukakataa kuwa kijivu. Angeweza kutosema chochote. Sesilia alikuwa akimwambia: wewe Deusi, ukishapata la kweli unalitoa kama mtu anayetema kokwa.

Colette alirudi mwishoni mwa Oktoba. Haikuwa Alhamisi, ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, na mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Alisimama mlangoni na furushi lake. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheusi, na Deusdedit alipokiona alielewa, akasimama, akaweka burashi mezani.

"Pole, mama," alisema.

"Keti, papa. Acha nikae na mimi. Miguu inaniuma."

Alikaa kwenye stuli yake ileile. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka.

Mtu mmoja aliyeitwa Méthode alikuwa amefika Durban wiki mbili nyuma, akikimbia hivi vita vipya vilivyozuka Kongo mwezi wa nane. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukavu. Kanisani Méthode alisikia jina la Colette likitajwa, akamfuata nje. Akamwambia alitembea na Léonidas msituni miezi mitatu, wakala mizizi pamoja, na kwamba mwezi wa pili mwaka 1997 Léonidas alishikwa na homa na kuhara karibu na mto mmoja. Akafa siku ya nne. Walimzika wao wawili, yeye na kijana mmoja ambaye naye hakufika mbali.

"Nikamwambia kama ninavyowaambia wote. Nipe neno moya. Akafikiri. Akasema, 'Alikuwa anaongea juu yako, juu ya nyumba, juu ya mbuzi.' Nikasema, hiyo kila mtu anaweza kusema. Nikageuka niende. Halafu akaniita. Akasema, 'Mama, alikuwa anacheka juu ya sahani.'"

Deusdedit alimgeukia.

"Akasema, 'Aliniambia: bibi yangu iko na sahani ya Japon ku nyumba, na anajua ni ya Uchina, kwa sababu baba yake alisema hivyo. Mimi nilisoma vitabu ku bibliothèque ya mapadri. Niliigeuza nikaona rangi ya burashi. Lakini mzee alinipa mbele ya watu wote, ningesema nini? Nikasema ni ya Uchina. Halafu mzee akafa, na mimi nilikuwa nimeshazoea. Nikirudi nitamwambia. Atacheka.'"

Mvua ilisikika kwenye mabati ya uani.

"Rangi ya burashi," alisema. "Papa Deusi, kama wewe haungeniambia, ningemfukuza Méthode. Ningesema, uongo mwingine, hata sahani yangu hajui. Nilikuwa nimeisikia kwako, kwa hiyo nikajua. Nilikaa chini pale pale barabarani."

Deusdedit alitaka kusema samahani, na akaona neno lenyewe halina pa kukaa. Aliyekuwa amemletea kifo cha Léonidas ni Méthode. Lakini yeye ndiye aliyeufunga mlango ambao mwanamke huyu aliushikilia wazi miaka miwili kwa mguu wake. Alikumbuka pia lile wazo lililompita siku ya chai, akainamisha macho.

"Alijua," alisema Colette, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilivunjika. "Miaka kumi na sita alinyamaza kwa ajili ya baba yangu. Na mimi nilikutukana."

"Hukunitukana. Mimi kweli ni mtu wa kuosha vigae."

Colette akacheka kidogo, kisha akalia, na Deusdedit akakaa karibu naye bila kumgusa mpaka akamaliza. Kisha akafungua furushi, akachukua kipande cha tano, akachanganya gundi. Alimwomba amshikilie sahani wakati akikisukuma mahali pake. Vidole vyao vilikuwa pande mbili za ufa mmoja. Alihesabu kimoyomoyo mpaka mia, kama inavyotakiwa, na hakutamani ifike.

"Nifiche mistari?" aliuliza. "Naweza kupaka rangi isionekane."

"Juu, ficha. Chini, acha." Akafikiri. "Niambie tena juu ya hao watu. Na ule udongo. Siku ile sikusikiliza."

Alimwambia yote, polepole safari hii. Alimwambia jinsi jiwe linavyopondwa kwa nyundo zinazosukumwa na maji, jinsi sahani inavyobonyea, jinsi vijinguzo vinavyobanduliwa ikishapoa. Alimwambia kwamba wajukuu wa wafinyanzi wale waliacha kuiga, wakapata kijani chao wenyewe, chembamba na safi, na hakuna aliyekichanganya tena na cha mtu. Colette aliuliza maswali, mazuri, maswali ya mke wa mwalimu. Ilipofika saa nane hakuna aliyetazama saa.

Alikuja mara mbili zaidi, kazi ikakamilika. Siku ya mwisho alimwambia anaondoka. Ana dada Lusaka, na kutoka Lusaka ni karibu zaidi na kwao. Vita vikipungua ataenda kulitafuta kaburi; Méthode amemchorea ramani ya ule mto.

"Hapa pia kuna watu," alisema Deusdedit. Alikuwa amejiandaa kwa maneno marefu zaidi ya hayo, lakini ndiyo yaliyotoka. "Kama ungebaki, mama Colette. Mimi nipo."

Colette alimtazama kwa upole, na upole huo ndio uliomjibu kabla ya maneno.

"Wewe uko mtu mzuri sana. Lakini nikikuona, ninaona ile siku ya kanisani. Kila mara. Haitaondoka."

"Naelewa," alisema. Na kweli alielewa, jambo ambalo halikusaidia.

Alimsindikiza kituoni asubuhi ya Jumamosi. Sahani ilikuwa ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, imezungukwa na majarida yaliyokunjwakunjwa. Colette aliliweka mapajani, si kwenye buti ya basi. Basi lilipogeuka kwenye robot Deusdedit hakuweza kuona kama anapunga mkono, kwa sababu jua lilikuwa limepiga kioo.

Katikati ya Desemba Deusdedit alirudi kutoka kununua asetoni ya kuyeyushia gundi akamkuta Mrs. Moonsamy anavaa koti la mvua.

"Kuna mwanamke alipiga simu," alisema mama huyo kwa Kiingereza. "Alisema Deusi, Deusi, halafu maneno mengi ya kwenu. Laini ikakatika. Nani huyo?"

"Alisema nini kingine?"

"Sikuelewa hata moja, mpenzi wangu. Ila alikuwa kama anacheka. Au analia. Simu ya mbali, huwezi kujua."

Wiki hiyo aliisogeza meza yake karibu na simu, akiwaza Lusaka. Alikula palepale, na alipokwenda chooni aliacha mlango wazi. Ililia mara nyingi, watu wakiuliza vikombe vyao na sanamu zao kabla ya Krismasi. Ijumaa mchana, Mrs. Moonsamy akiwa ameshaondoka, ililia tena, kwa mlio mrefu. Deusdedit aliifikia kabla ya mlio wa pili.

"Haloo," alisema kwa Kiswahili. "Haloo, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya hapahapa mjini, ikiuliza kwa Kiingereza kama wanatengeneza saa za ukutani.

"Hapana, bwana," alisema Deusdedit. "Saa hatutengenezi. Ni vyombo tu."

Alirudisha mkono wa simu mahali pake, akakaa tena karibu nayo.